Ken Walibora: Riwaya Kwanza, Watoto Baadaye



Mwulize mwanafunzi yeyote wa Githurai 45 Ken Walibora alikuwa nani. Aghalabu atakujibu: mwandishi wa *Siku Njema* na *Kidagaa Kimemwozea*. Ni nadra aongeze kwamba Walibora, aliyefariki jijini Nairobi mwezi wa Aprili 2020, aliwaandikia watoto pia. Pengo hili linatokana na mazoea yetu ya kuiona fasihi ya watoto kama ngazi ya chini, anayoanzia mwandishi asiyekomaa kabla ya kupanda kwenye riwaya.

Maisha ya Walibora yanaipinga dhana hiyo. Alikulia Trans Nzoia, akawahi kuwa afisa wa probesheni na mtangazaji wa habari wa Nation TV. *Siku Njema* ilitoka mwaka wa 1996. Jina lake lilipokwisha kuvuma, ndipo alipowaandikia watoto *Ndoto ya Amerika* (2001), iliyopata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. *Kisasi Hapana* nacho kilituzwa vivyo hivyo. Je, msanii aliyekwisha kufaulu angeshuka ngazi kwa hiari yake?

Hapa pana onyo kwa mtahiniwa. Walibora alisomea shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, baada ya *Ndoto ya Amerika* kuchapishwa. Hivyo, ukidai kwamba hadithi hiyo imetokana na masomo yake ya ughaibuni, umekosea. Wasifu wa mwandishi husaidia uhakiki pale tu unapothibitishwa na tarehe na matini yenyewe.

Isitoshe, mtoto ni mhimili hata katika riwaya zake kubwa. Kongowea Mswahili tunamjua tangu utotoni kule Tanga, kabla hajafunga safari ya kumtafuta babake hadi Kitale. Katika *Kidagaa Kimemwozea* (2012), mtoto Uhuru anaachwa mlangoni pa Amani. Kifo cha kitoto hicho kinafichua uozo wa Sokomoko kuliko hotuba yoyote ya Mtemi Nasaba Bora. Mwandishi aliyezoea kumsikiliza mtoto ndiye awezaye kumpa mhusika asiyesema uzito wa namna hiyo.

Mwalimu, wanafunzi wengi wa Githurai 45 wana wadogo zao katika shule za msingi. Waagize wasome kitabu cha hadithi cha mdogo wao, kisha wakihakiki kwa vigezo vile vile vya riwaya teule: dhamira, wahusika, msuko na mtindo. Watagundua kwamba sentensi fupi haina pa kuficha udhaifu. Na huenda mmoja wao akatambua kuwa kumwandikia mdogo wake ni kazi ya kujivunia.

Swali la mjadala: "Mtoto ndiye shahidi mkuu wa maovu ya jamii." Jadili ukirejelea *Kidagaa Kimemwozea*.