Nguo Inayopigwa Mpaka Ing'ae

Kijijini Zhaoxing, wilaya ya Liping, katika mkoa wa Guizhou kusini-magharibi mwa China, nguo hupigwa kwa rungu. Hukunjwa, ikalazwa juu ya jiwe bapa, na mwanamke aliyeketi kwenye kigoda huishushia rungu la mti pigo baada ya pigo. Akiona upande mmoja umetosha, huigeuza, huikunja upya, akaendelea. Mgeni huisikia kazi hiyo kabla ya kuiona. Mtu aliyekulia Pwani angedhani nyumba tatu nne zinatwanga mpunga kwa kupokezana, na angeangaza macho kutafuta kinu. Kinu hakipo. Kilichopo ni kitambaa chembamba cha pamba, kisichofika nusu mita kwa upana, kilichofumwa nyumbani na kutiwa nili mpaka kikakaribia weusi, nacho kinapigwa ili king'ae.

Sijapata kuona kazi ya mikono inayodai subira kiasi hicho, na ninaandika ili kuisifu.

Tulifika asubuhi, mimi na rafiki yangu wa Guangzhou, siku ya kwanza ya likizo tuliyokuwa tumeingoja kwa hamu. Tulijuana katika soko la vitambaa la Zhongda, ambako wafanyabiashara wetu wa Kariakoo hununua majora, na ambako yeye amefanya kazi tangu usichana wake. Anaweza kufumba macho, akapapasa kitambaa, akakwambia kina pamba kiasi gani. Reli ya mwendo kasi kati ya Guiyang na Guangzhou, iliyofunguliwa mwishoni mwa 2014, imekisogeza kijiji hiki karibu na jiji lake. Unashuka kituo cha Congjiang, unapanda basi dogo, na muda si mrefu unaona mapaa ya vigae vyeusi yamebanana bondeni, kijito kikipita katikati, na minara mitano ya ngoma imechomoza juu ya mapaa hayo. Kila mnara una kundi la ukoo wake. Mafundi wa Wadong, ndio watu wa kijiji hiki, huijenga kwa mbao, mihimili ikishikana kwa ndimi na matundu, bila misumari. Minara hiyo inastahili insha yake peke yake. Sisi tulifuata mlio.

Mlio ulitupeleka uani kwa bibi mmoja mwenye mikono ya buluu mpaka juu ya vifundo. Rafiki yangu alimwamkia kwa kumwita bibi, kama adabu ya kwao inavyotaka kwa mwanamke wa umri ule, naye akatusogezea vigoda kabla hajauliza tumetoka wapi. Kichina chake kilikuwa kidogo. Mke wa mjukuu wake ndiye aliyetufasiria Kidong.

Pembeni mwa ua lilisimama pipa la mbao lenye mfuniko, na hapo ndipo tulipokaa sehemu kubwa ya siku. Majani ya mmea wa nili hukatwa mabichi, yakalowekwa siku kadhaa mpaka yaoze. Makapi hutolewa, maji hutiwa chokaa, kisha hukorogwa kwa nguvu mpaka povu lipande. Yakiachwa yatulie, mashapo mazito ya buluu huzama chini, na hayo ndiyo nili inayowekwa akiba. Mpaka hapo mwenye nguvu na maelekezo mazuri anaweza kufika. Ugumu unaanzia pipani, kwa sababu nili hiyo haiyeyuki majini. Ukichovya nguo ndani yake vivi hivi, utaitoa imepakwa tope, na ukiisuuza tope litaondoka lote. Ili iingie kwenye nyuzi, lazima kwanza inyimwe oksijeni. Bibi huichanganya na maji ya majivu na pombe ya mchele, akafunika, na bakteria waliomo pipani hula walichopewa na kuigeuza nili taratibu. Ikigeuka, buluu hupotea. Maji ya pipa lililo tayari yana rangi ya manjano inayoelekea kijani, na juu yake huelea povu zito la buluu lenye mng'ao wa shaba.

Kwa hiyo mtia nili hufanya kazi bila kuiona rangi anayoitafuta. Jambo hili lilinishika kuliko yote niliyoyaona kijijini. Mchoraji huona mstari wake ukitokea chini ya kalamu, na fundi seremala huona mbao ikinyooka chini ya randa. Huyu anazamisha nguo katika maji yasiyo na buluu, akiamini kwamba buluu imo. Nguo aliyotuonyesha ilitoka ikiwa ya kijani, ikichuruzika. Hewa ikaipata. Kijani kilianza kukimbia pindoni, kikarudi nyuma kuelekea kwenye vidole vyake, na buluu ikashika mahali pake wakati tunatazama. Rafiki yangu, ambaye maisha yake yote ameuza nguo zilizokwisha kutiwa rangi, aliomba aione tena.

Mchovyo mmoja hutoa buluu hafifu tu. Nguo hurudi pipani, hutoka, hukauka, hurudi tena, siku nyingi mfululizo, na kila mara huongezeka kina. Pipa nalo huchoka. Bibi alichovya kidole, akaonja, akanusa, akalitazama povu, kisha akasema neno fupi. Tukafasiriwa kwamba lina njaa. Akalimiminia bakuli la pombe, akalifunika, na kazi ya kuchovya ikaahirishwa mpaka jioni.

Wapo wanaouita ujuzi wa aina hii mazoea, kana kwamba mikono imejifundisha yenyewe na kichwa hakikuhusika. Sikubaliani nao hata kidogo. Mwanakemia Mjerumani Adolf von Baeyer alibainisha muundo wa nili mwaka 1883, na kampuni ya BASF ikaanza kuuza nili ya kiwandani mwaka 1897. Hiyo ya kiwandani pia hainyweki na nguo mpaka inyimwe oksijeni kwanza. Sharti ambalo maabara ililieleza kwa fomula, wanawake wa milima hii walikuwa wakilitimiza kwa ulimi na pua, na wakaweza kumrithisha binti elimu hiyo bila kuandika mstari mmoja. Kulijua pipa lililo hai, linalobadilika na hali ya hewa, kiasi cha kutambua leo limepungukiwa nini, ni elimu kamili.

Nguo ikishaiva rangi, ndipo huja rungu. Wadong huipaka gundi inayochemshwa kutokana na ngozi ya ng'ombe, na maji mekundu ya mizizi ili buluu ipate wekundu kwa ndani, na ute wa yai. Huipiga, huitia mvuke, huichovya tena, huipiga tena. Nyuzi za pamba, ambazo kwa asili ni za mviringo na zenye vinyweleo, hulala na kubanana mpaka uso wa nguo unakuwa laini kabisa na kurudisha mwanga. Mng'ao wenyewe si wa hariri. Una uzambarau wa shaba, na hubadilika kila nguo inapogeuzwa. Nguo hukakamaa, hunuka nili na moshi, na haifuliwi ovyo, maana hutoa rangi. Mvaaji hubaki na buluu shingoni. Sioni kasoro hapo. Nguo iliyochukua wiki na wiki za mtu ina haki ya kumwachia alama anayeivaa.

Afrika nayo inaijua kazi hii. Kano, kaskazini mwa Nigeria, kuna mashimo ya kale ya nili, na watu wa huko wamepiga nguo kwa marungu mpaka zikang'aa, zikauzwa kwa Watuareg wa jangwani kwa vilemba. Kwetu mwambao bibi zetu walivaa kaniki, pamba iliyotiwa nili, na nyingi ilivuka bahari kutoka India. Nikiwa pale uani niliikumbuka kaniki kwa uchungu kidogo, kwa kuwa nili ya India ina historia ya kulimishwa watu kwa nguvu: wakulima wa Bengal waliasi mwaka 1859, na mwaka 1917 Gandhi alikwenda Champaran kwa ajili ya wakulima waliobanwa na mabwana wa mashamba ya nili. Waliolima hawakuivaa, na walioivaa hawakuwajua waliolima. Katika ua wa bibi huyu, mwenye kulikata jani, mwenye kufuma, mwenye kuchovya na mwenye kuvaa hula chungu kimoja. Nadhani hilo pia limo katika mng'ao ule, ingawa siwezi kulithibitisha kwa kipimo.

Alasiri rafiki yangu aliomba ruhusa ya kuishika nguo. Aliivuta pindo mpaka kwenye mwanga wa mlango, akaipindua, akaikunja kati ya vidole viwili, akakaa kimya muda mrefu kuliko kawaida yake. Kisha akanieleza kwamba viwandani mng'ao wa pamba hutolewa kwa kupitisha kitambaa kati ya rola za chuma zenye moto, na majora kwa majora huisha kwa siku moja. Ameyauza mengi wala hayabezi, lakini hakuna hata moja ambalo kidole chake kilikuta ndani yake kitu cha namna hii. Akamuuliza bibi anajuaje kwamba mapigo yametosha.

Bibi alisema hayajatosha. Nguo ile ni ya kitukuu wake wa kike, ya kuvaliwa katika mwaka mpya wa Kidong, majira ya baridi yakianza, na bado ina mvuke, ute wa yai na rungu la kuanzia sasa mpaka wakati huo. Rafiki yangu akauliza sikukuu itaangukia tarehe ngapi. Mke wa mjukuu alipomtajia, alitoa simu, akaanza kutafuta tiketi za treni za mwezi huo, mbili, bila kuniuliza.