Rangi Iliyokolea na Rangi Iliyokolezwa

Wapenzi wa picha husema kwamba rangi kali huchangamsha moyo: mwenye majonzi na atafute chekundu, manjano au samawati, akipige picha, naye atapata nafuu. Kauli hii si ya kupuuzwa. Hata hivyo yafaa kuihoji kama tuhojivyo ubeti wenye vina vitamu: mna neno ndani yake, au mna mlio mtupu?

Tabora ni mahali pafaapo kuipimia. Njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji ilipita hapo, na fedha yake ilikuwa rangi: merekani nyeupe, kaniki iliyoiva nili, na ushanga wa kila namna. Burton, aliyefika Kazeh, ndiyo Tabora, mnamo Novemba 1857, alieleza kwamba kila nchi ilikuwa na ushanga wake iliyoupenda. Msafara uliokosea rangi ulibaki na mzigo usionunua hata chakula. Mwekundu, samisami, ulitamaniwa hata ukaitwa kimara-pamba, yaani kimaliza-chakula, kwani mtu alikuwa radhi kutoa mlo wake ili aupate. Watu wa njia ile, basi, hawakungoja kamera iwafundishe kwamba rangi ni riziki ya moyo.

Kamera ndiyo iliyochelewa kujua. Mabamba ya kioo ya karne ya 19 yalihisi mno mwanga wa buluu, na wekundu karibu hayakuuona. Samisami ilitoka nyeusi, kaniki ikatoka hafifu kuliko ilivyo. Tutazamapo picha za kale za bara, tukaona watu wa kijivu katika nchi ya kijivu, sehemu ya huzuni ile ni ya kemia, si ya watu. Kwa hiyo anayepiga leo picha ya kisutu chekundu sokoni Tabora hajipambii tu, anarudisha kilichopotea. Hapa wapenzi wa rangi wana haki, nami nasimama upande wao.

Siwafuati wanapofika Kwihara, kwenye tembe linalokumbukwa kwa Livingstone na Stanley waliokaa hapo mwaka 1872. Ukuta wake ni wa hudhurungi ya udongo. Katika picha nyingi za siku hizi hukolezwa kwa simu hata ukawa chungwa bivu, na miembe ikang'aa kama plastiki. Macho hufurahi mara moja, kisha hayana pa kukaa. Njia ile ilipitisha pembe, ikapitisha na watumwa. Sisi wa visiwani hatuwezi kujitia hatujui, maana soko lao lilikuwa kwetu, Mkunazini, hadi lilipofungwa mwaka 1873. Rangi inayofuta jambo hilo haichangamshi moyo; inaulevya.

Sisemi kwamba Kwihara ipigwe picha kwa kaniki ya matanga. Nasema rangi ikolee yenyewe. Mpiga picha na aende asubuhi, jua likiwa chini, kwani jua la utosi hufubaza kila kitu. Achague rangi moja, tuseme kanga ya manjano ya mama apitaye, na udongo auache kuwa udongo. Manjano yale yatamchangamsha kweli, kwa sababu hayakuulizwa kudanganya.