Fundi wa Vifungu

Mwaka 1963 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria fupi kuhusu milango ya vyoo. Siku hizo vyoo vingi vya umma vya wanawake vilikuwa na vyuma vya kuzunguka mlangoni, na mama mjamzito, au aliyebeba mtoto huku mkono mwingine una mizigo, alipita hapo kwa taabu kama alipita. Sheria hiyo ilipiga marufuku vyuma hivyo. Aliyepeleka muswada bungeni, kwa jina lake binafsi na si kwa niaba ya serikali, ni Barbara Castle, mbunge wa Blackburn wa chama cha Labour.

Wanaomwandika huanza na nywele zake nyekundu, hasira zake na hotuba zake. Nisamehewe nikianza na choo. Hasira bungeni si adimu. Kilichokuwa adimu kwa mama huyu ni ustadi wa kuichukua hasira, kutafuta ni wapi hasa kanuni inamgusa mtu mwilini au mfukoni, kisha kuandika kifungu kinachobadilisha mahali hapo, si jirani yake.

Alizaliwa Chesterfield tarehe 6 Oktoba 1910. Baba yake, Frank Betts, alikuwa mkaguzi wa kodi, na familia ilipohamia Bradford akawa pia mhariri wa gazeti la kijamaa la mji huo. Nyumba ya mtu wa kodi ambaye ni mjamaa ni shule ya ajabu: mtoto anajifunza mapema kwamba pesa ya serikali ina njia zake, na kwamba njia hizo zilichorwa na watu. Oxford alitoka na digrii ya daraja la tatu. Akaingia kwenye uandishi wa habari, ambako alipata vitu vilivyomfaa maisha yote: hatimkato, na mazoea ya kutotoka mahali kabla hajaiona karatasi yenyewe. Mwaka 1944 aliolewa na Ted Castle, mwandishi wa habari mwenzake. Kuelekea uchaguzi wa 1945 wanawake wa Labour pale Blackburn, mji wa viwanda vya pamba, walishikilia kwamba lazima jina la mwanamke liwemo katika orodha ya wagombea. Likawemo lake, akashinda, na akakaa na kiti hicho miaka 34.

Wakenya wana sababu yao ya kumkumbuka. Mwaka 1955, hali ya hatari ikiwa bado imeibana nchi, alikwenda Kenya kufuatilia kifo cha Kamau Kichina, Mwafrika aliyeshukiwa kwa wizi, akashikwa na polisi na kupigwa hadi akafa. Maafisa Wazungu waliohusika hawakutiwa hatiani kwa mauaji. Castle hakwenda huko kuhutubia ukoloni. Alikwenda kuuliza mambo madogo: daktari aliandika nini, shtaka la kwanza lilikuwa lipi, nani alilipunguza na kwa nini. Alirudi akayaandika magazetini, na waziri wa makoloni akakuta anaulizwa maswali ambayo hayajibiki kwa maneno ya jumla.

Miaka minne baadaye ndipo njia hiyo ilipoonyesha makali yake. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 wa kambi ya kizuizini ya Hola, Kenya, walikufa, na taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ikasema walikufa baada ya kunywa maji kutoka kwenye gari la maji. Uchunguzi ulionyesha walikufa kwa kipigo. Castle aliling'ang'ania suala hilo mjadala baada ya mjadala. Usiku wa tarehe 27 Julai hotuba iliyosifiwa kuliko zote ilitoka upande wa pili, kwa Enoch Powell wa chama cha Conservative, na Castle mwenyewe aliisifu bila kinyongo. Lakini mtu husimama kutoa hotuba kubwa pale ambapo mwingine ameshatayarisha uwanja. Ule uwanja wa Hola, wa taarifa zinazopingana zikiwekwa bega kwa bega, ulitayarishwa na watu wachache wa aina ya Castle, swali kwa swali, wakati wengi walipokuwa wakitazama kwingine.

Mwaka 1964 Waziri Mkuu Harold Wilson alimpa wizara mpya ya maendeleo ya nchi za ng'ambo, akawa mwanamke wa nne katika historia ya Uingereza kuingia baraza la mawaziri. Desemba 1965 akahamishiwa uchukuzi. Hakujua kuendesha gari. Wenye magari walilichukua hilo kama tusi, na mwandishi mmoja wa habari alimuuliza waziwazi yeye mwanamke asiyeendesha anajua nini. Nadhani kutojua kwake kulimsaidia. Dereva anapozungumzia ulevi barabarani hujifikiria mwenyewe akitoka baa. Castle alifikiria waliogongwa.

Hapa pana kazi ya kuitazama polepole. Kabla yake lilikuwa tayari ni kosa kuendesha gari ukiwa umelewa kiasi cha kutoweza kulimudu. Lakini nani apime kutoweza? Daktari alimwambia mtu atembee juu ya mstari, wakili akasema mteja wake huyumba hata akiwa mzima, na wazee wa baraza, ambao nao walikuwa wametoka na magari yao, wakamwonea huruma. Sheria ya usalama barabarani ya 1967 haikumuuliza mtu amelewa au hajalewa. Iliweka namba: miligramu 80 za pombe katika mililita 100 za damu. Ukizidi, una kosa, hata kama unaweza kusimama kwa mguu mmoja ukiimba. Kando ya barabara polisi alikupa mrija na mfuko upulize, na chembechembe ndani ya mrija zikabadilika rangi.

Mimi huvutiwa zaidi na kile alichokiacha. Muswada wa kwanza, uliotangulia uchaguzi wa 1966, ungemruhusu polisi amsimamishe dereva yeyote na kumpima. Castle alikiondoa kipengele hicho. Polisi sasa alihitaji sababu: ajali, kosa la barabarani, au shaka ya kweli. Wapo waliomwona amelegea. Mwenye kujua Bunge angeona kwamba namba ile 80 ndiyo iliyobeba sheria nzima, na alikuwa tayari kulipa ili namba ipite. Sheria ilianza kutumika tarehe 9 Oktoba 1967. Katika miezi 12 ya kwanza vifo barabarani vilipungua kwa 1,152. Vitisho vya kuuawa alivipata pia, kwa barua.

Mwaka 1968 akawa waziri wa ajira, na mwezi Juni wanawake 187 wanaoshona vitambaa vya viti katika kiwanda cha Ford, Dagenham, waligoma. Gari lisilo na viti haliuziki, kwa hiyo kiwanda kikasimama. Walitaka ushonaji utambuliwe kuwa kazi ya ujuzi. Castle aliwaita ofisini tarehe 28 Juni, wakanywa chai, wakarudi kazini kwa asilimia 92 ya mshahara wa wanaume. Daraja la ujuzi hawakulipata mpaka 1984, na asifiwe asisifiwe, hili halifutiki. Alilotoa badala yake ni Sheria ya Malipo Sawa ya 1970, nayo ina mshono unaoonekana: ilihusu kazi zinazofanana au zilizopimwa kuwa sawa, si kazi tofauti zenye thamani sawa, na iliwapa waajiri zaidi ya miaka mitano ya kujipanga, ambayo wengine waliitumia kuwatenganisha wanawake na wanaume. Lakini tazama kalenda. Ilitiwa saini tarehe 29 Mei. Tarehe 18 Juni Labour iliangushwa kwenye uchaguzi. Nguo yenye mshono mbaya ilivaliwa. Nzuri isiyomalizika ingebaki kwenye cherehani.

Kushindwa kwake kukubwa kulikuwa kati ya mambo hayo mawili. Mwaka 1969 alitaka kuviwekea vyama vya wafanyakazi sheria kuhusu migomo. Vyama vilikataa, mawaziri wenzake wakiongozwa na James Callaghan wakamwacha, na akaambulia ahadi ya maneno. Hiyo ni moja ya mara chache alizosahau kuhesabu kura kabla ya kuandika kifungu.

Aliporudi serikalini mwaka 1974, akiwa waziri wa huduma za jamii, alifanya lile ambalo kwangu ndilo bora. Posho ya familia ilikuwepo tangu 1946, ikilipwa kwa mama baada ya mbunge Eleanor Rathbone kuipigania, lakini mtoto wa kwanza hakuhesabiwa. Kando yake ilikuwepo nafuu ya kodi kwa ajili ya watoto, na hiyo ilionekana kwenye mshahara wa baba. Sheria ya 1975 iliviunganisha viwili hivyo kuwa malipo mamoja, kwa kila mtoto, mkononi mwa mama. Hesabu ya hazina haikubadilika sana. Kilichobadilika ni nani anaipokea pesa. Binti wa mkaguzi wa kodi aliiona njia ile na kuigeuza.

Aprili 1976 Callaghan, sasa waziri mkuu, alimwondoa akisema anataka kupunguza wastani wa umri wa mawaziri. Castle alikuwa na miaka 65, Callaghan 64. Mpango wa posho ukayumba, naye akaupigania akiwa mbunge wa kawaida hadi ukaanza 1977.

Alikaa miaka kumi katika Bunge la Ulaya, akaingia Bunge la Malodi mwaka 1990, na kugeukia kifungu chake kingine cha 1975: pensheni ipandishwe kila mwaka kwa kufuata bei au mishahara, kilichopanda zaidi. Serikali ya Thatcher iliyafuta maneno ya mishahara mwaka 1980. Mwaka 2000, serikali ya chama chake mwenyewe ilipowaongezea wazee peni 75 kwa wiki, alipanda jukwaani kwenye mkutano mkuu wa Labour kuyadai maneno hayo yarudi, na wajumbe wakapiga kura dhidi ya viongozi wao. Alikufa Mei 2002. Maneno yale yalirudishwa kwa sheria ya 2007, na yakaanza kutumika 2011.