‘Zungusha’ pekee haitoshi: Kasoro ya istilahi zetu za kompyuta

AGHALABU tunapojadili Kiswahili cha kompyuta, mjadala huishia kwenye nomino. Tutabishana kutwa kucha kama ni tarakilishi au kompyuta, kipanya au mausi. Vitenzi tunavisahau, ilhali ndivyo vinavyomwambia mtumiaji afanye nini.

Chukua kitenzi ‘zungusha’. Ndicho tunachokutana nacho katika tafsiri za programu na katika miongozo ya masomo panapoelezwa jinsi ya kuyatoa maandishi katika hali ya mlalo na kuyaweka mshazari au wima. Msanii wa mabango kule River Road hukifanya kitendo hicho kila siku. Mwalimu naye hukihitaji anapoandaa jedwali la alama, ili majina marefu ya masomo yaenee katika safu nyembamba.

Kitenzi chenyewe si kibaya. Ubaya ni kukiacha peke yake, kwa kuwa kinadai mambo mawili ambayo wafasiri wetu hawayataji: upande na kitovu.

Tuanze na upande. Katika Excel, ukiyapa maandishi ya seli mwelekeo wa nyuzi 45, maneno hupanda kuelekea juu. Yamekwenda kinyume na akrabu za saa. Katika PowerPoint, ukikipa kisanduku cha maandishi nyuzi 45 zizo hizo, maneno hushuka. Yamefuata akrabu za saa. Kampuni moja, tarakimu moja, matokeo mawili! Sasa mwongozo unaosema tu “zungusha kwa nyuzi 45” umemfaa nani?

Hili si jambo dogo. Tazama mgongo wa kitabu. Kwa desturi ya Uingereza na Marekani, ambayo nasi tunaifuata, jina hushuka kutoka juu. Ufaransa, desturi ni jina kupanda kutoka chini. Mwambie mbunifu wa jalada “zungusha jina kwa nyuzi 90” bila kutaja upande, na huenda akakuletea vitabu ambavyo vikilazwa mezani, jalada la mbele likiwa juu, majina yake yanasomeka kichwa chini. Karatasi zimeshachapishwa, pesa zimekwenda.

Kitovu nacho kina kisa chake. Kiswahili husema dunia hujizungusha kwenye mhimili wake na papo hapo hulizunguka jua. Tazama kazi inayofanywa na viambishi -ji- na -li-: cha kwanza kinaonyesha mzunguko wa mahali pamoja, kama wa pia inayochezwa na watoto, cha pili kinaonyesha mzunguko wa kukizingira kitu kingine. Tofauti hiyo ndiyo inayowatoa jasho wanaojifunza kuandika programu za michoro.

Katika maktaba nyingi za uchoraji, amri ya kuzungusha hailigusi neno lenyewe. Huzungusha ukurasa mzima wa vipimo, na kitovu chake ni sufuri, ambayo kwa kawaida ni kona ya juu kushoto ya dirisha. Neno lililokusudiwa kukaa hatua 300 kulia na 200 chini, likizungushwa nyuzi 90 kwa kufuata akrabu za saa, hutua hatua 200 nje ya ukingo wa kushoto. Mwanafunzi anabaki kukodolea macho dirisha tupu. Dawa ni kuihamisha sufuri kwanza hadi mahali neno linapotakiwa, kisha kuzungusha, ndipo achore. Akipindua utaratibu huo, neno litatokea kwingine kabisa.

Wapo wanaopendekeza vitenzi mbadala. ‘Geuza’ ni pana mno. Hata herufi ndogo hugeuzwa kuwa kubwa. ‘Pindua’ kinaleta picha ya kichwa chini miguu juu, na nyuzi 30 hazifiki huko. ‘Laza’ kimeshachukuliwa na hati za mlazo, ambamo herufi huegemea lakini mstari haubanduki.

Kwa hiyo tubaki na ‘zungusha’, ila tukipe wenzake: zungusha kisaa, zungusha kinyumesaa, zungusha kwenye kitovu chake, zungusha kwenye kona ya ukurasa. Atakayelalamika kwamba vitufe havina nafasi ya maneno marefu ana hoja. Basi kitufe na kibaki na neno moja, maelezo yaliyo kando yake yakamilishe.

Na tusijitetee kwamba Kiingereza nacho hutumia neno moja tu. Lugha inayojiundia istilahi leo haina haja ya kurithi utata wa waliotangulia, hasa ikiwa sarufi yake yenyewe, kwa viambishi vidogo tu, imeshautegua.