Marika na Radagon, Nani Alitangulia? Uhakiki wa Wakati katika Gemu ya Elden Ring

Utangulizi

Kurasa hizi zimezoea uhakiki wa riwaya, tamthiliya na ushairi. Leo naomba ruhusa ya wasomaji nihakiki gemu. Najua wapo watakaoguna. Eti gemu ni mambo ya watoto wa kibandani, haina fani wala maudhui! Sikubaliani na msimamo huo, lakini sitamaliza karatasi kwa kuujibu. Kazi inayomfanya mtu akae miezi akijiuliza nani alizaliwa lini, nani alioa wapi kwanza, na nani kati ya wasemaji anadanganya, hiyo ina usimulizi. Na penye usimulizi mhakiki ana kazi ya kufanya.

Kazi ninayoizungumzia ni Elden Ring, iliyotolewa na kampuni ya Kijapani ya FromSoftware tarehe 25 Februari, 2022, chini ya uongozi wa Hidetaka Miyazaki. Historia ya kale ya ulimwengu wake iliandikwa na mwandishi wa Marekani, George R. R. Martin. Kufikia katikati ya Machi mwaka huohuo, nakala zaidi ya milioni 12 zilikuwa zimeshauzwa. Kwa hiyo si kazi ya watu wachache waliojifungia chumbani, ingawa sisi tulioicheza kwa zamu kwenye kompyuta moja ya bweni kweli tulijifungia.

Hoja yangu ni moja. Mhakiki anayepanga mfuatano wa maisha ya wahusika katika kazi kama hii anapaswa kuyalinda mapengo yaliyomo, asiyazibe, kwa sababu pengo nalo ni ushahidi. Nasema hivi kwa aibu kidogo, maana mimi mwenyewe nilifanya kinyume. Mwaka 2023 nilibandika manila ukutani, nikachora mstari kutoka kuzaliwa kwa Marika mpaka kuvunjika kwa ulimwengu wake, na kila penye tundu nikalijaza kwa kalamu nyekundu. Kisha nikasimama mbele ya wadogo zetu wa mwaka wa kwanza nikawafundisha manila ile kama vile ni Biblia. Makala haya ni namna yangu ya kuwataka radhi.

Hadithi iliyokwisha kabla hujafika

Mchezaji anaingia akiwa mmoja wa Waliofubaa, watu walionyang'anywa neema na kufukuzwa Nchi za Katikati, ambao sasa wameitwa warudi. Anapofika, mambo yote makubwa yameshatokea. Malkia Marika ameshaivunja Pete ya Elden, watoto wameshapigania vipande vyake, na falme zimebaki magofu. Hakuna msimulizi wa kumketisha chini na kumwambia mambo yalianzaje.

Ushahidi anaokutana nao ni wa aina nne. Kwanza, maelezo mafupi yaliyoandikwa kwa kila kitu anachookota: upanga, kofia, hirizi, hata ufunguo. Pili, maneno ya wahusika, ambao wengi wao wana wazimu, au wana upande, au wana vyote viwili. Tatu, mandhari: sanamu, makaburi na majengo yaliyojengwa juu ya majengo mengine. Nne, ukimya.

Matukio hayapewi tarehe. Yanapangwa kwa "kabla" na "baada" tu, jinsi wazee wetu wanavyosema fulani alizaliwa mwaka wa njaa, na fulani mwingine alikuwa anatambaa nzige walipokuja. Isitoshe, hakuna anayekupangia uanze kuokota wapi. Mmoja ataujua mwisho wa Radagon kabla hajajua kama aliwahi kuoa, na mwingine atakwenda kinyume chake. Miyazaki amewahi kueleza kwamba utotoni alisoma vitabu vilivyomzidi lugha, na sehemu asizozielewa akazijaza kwa mawazo yake. Gemu yake inamweka mchezaji katika hali hiyohiyo. Tofauti ni kwamba mtoto yule alijaza kwa ajili yake mwenyewe. Mhakiki anajaza kisha anawatangazia wenzake.

Yapo yanayopangika bila ugomvi. Vita dhidi ya Majitu vilitangulia kufukuzwa kwa Godfrey, mume wa kwanza wa Marika, kwa kuwa ndiye aliyeviongoza. Kufukuzwa kwa Godfrey kulitangulia ndoa ya Marika na Radagon. Usiku wa Visu Vyeusi, ambapo Godwyn mwana wa Godfrey alikufa roho mwili ukabaki, na Ranni binti wa Radagon akafa mwili roho ikabaki, ulitangulia kuvunjwa kwa Pete. Na kuvunjwa kwa Pete kulitangulia vita vya ndugu, vilivyofika pabaya zaidi pale Radahn na Malenia walipopambana huko Caelid asipatikane mshindi. Mpaka hapo manila yangu ilikuwa salama.

Upanga wenye ndoa mbili

Tatizo linaanza kwa Radagon. Katika Kanisa la Viapo kuna kobe mkubwa aitwaye Miriel, mchungaji mpole asiyemkatalia mtu elimu. Miriel anasimulia kwamba Radagon, shujaa mwenye nywele nyekundu, alikuja na jeshi kupigana na Rennala, malkia wa Liurnia. Mwisho wake wakaoana, wakapata Ranni, Radahn na Rykard. Godfrey alipofukuzwa, Radagon akamwacha Rennala akaenda kuwa mume wa pili wa Marika. Huko wakapatikana Miquella na Malenia.

Hebu tuutazame upanga wa Radagon. Maelezo yake yanasema alipewa na Rennala, kisha yeye akaugeuza kuwa silaha ya Mfumo wa Dhahabu, yaani dini na serikali ya Marika. Kitu kimoja kimebeba ndoa zote mbili. Maelezo hayo yanamwita Rennala mke wake wa zamani. Neno "zamani" linatuonyesha mwandishi wa maelezo amesimama wapi: baada ya talaka, upande wa mji mkuu. Kumbe hata maelezo ya vitu, ambayo wengi wetu tunayachukua kama sauti ya haki isiyopendelea, yana mahali yanaposemea.

Sasa basi, ndani ya mji mkuu kuna sanamu ya Radagon. Mchezaji akiisomea mbele yake dua ya Urejeo, sanamu inageuka, na siri inafichuka: Radagon ni Marika. Ni mtu mmoja.

Hapo ndipo mstari wangu ulipokatika. Kama ni mmoja, Marika alikuwaje kwenye kiti chake na Godfrey, huku Radagon yuko Liurnia analea watoto watatu na mke mwingine? Wapo wanaosema walizaliwa wawili wakaunganishwa baadaye. Wapo wanaosema walikuwa mmoja tangu mwanzo na Radagon alitumwa kama mkono wa Marika. Tuna kauli moja ya Marika mwenyewe, tunayoisikia kwa kinywa cha Melina. Ndani yake anamwambia Radagon kwamba bado hajawa yeye, na bado hajawa mungu. Kambi ya kwanza inashangilia. Lakini katika kauli hiyohiyo anamwita nafsi yake ya pili. Kambi ya pili nayo inashangilia. Kauli moja, mashahidi wawili wanaopingana!

Mimi nilifanya nini? Nikaandika kwa kalamu nyekundu: "Waliungana baada ya Godfrey kuondoka." Sikuweka alama ya kuuliza. Mfuatano ukawa safi, ukapendeza, na swali kubwa la kazi nzima likafa. Maana swali la Radagon halihusu tarehe peke yake. Linahusu mke aliyeachwa. Kama alikuwa Marika tangu mwanzo, basi Rennala hakuwahi kuwa na mume, alikuwa na mpelelezi. Kama aligeuka Marika baadaye, basi aliwahi kupendwa. Mama yule tunamkuta ndani ya maktaba, akili imemtoka, amekumbatia yai la kaharabu alilopewa na mume huyo. Hajui jibu. Iweje mimi nimpe mchezaji uhakika ambao mwenye ndoa amenyimwa?

Wasifu wa marehemu

Niruhusiwe kutoka nje ya gemu kidogo. Babu yangu alipofariki, wasifu wa marehemu ulisomwa kabla ya maziko kama ilivyo ada. Ulisema alifunga ndoa na Bibi mwaka 1961, wakajaliwa watoto saba. Nilikuwa nimesimama karibu na Baba Mkubwa. Baba Mkubwa amezaliwa 1957, na kila mwanaukoo anajua. Watu wote pale walisikia hesabu ile ikigoma, na hakuna aliyegeuza shingo.

Jioni nilimuuliza Shangazi. Akanijibu taratibu kwamba alikuwepo mama mwingine kabla ya Bibi, akarudi kwao, akaacha mtoto. "Karatasi ile haikuwa na nafasi yake," alisema.

Mtu mwenye haraka angesema ni kosa la uchapaji, akasahihisha 1961 iwe 1956, na wasifu ungenyooka. Angekuwa amemzika mama yule mara ya pili. Kosa la hesabu ndilo lilikuwa kaburi lake pekee lenye alama. Nilirudi chuoni, nikaitazama manila yangu kwa muda, nikaona nimemfanyia Rennala jambo lilelile.

Messmer anaingia

Tarehe 21 Juni, 2024 ilitoka nyongeza ya gemu, Shadow of the Erdtree. Inatupeleka Nchi ya Kivuli, mahali Marika alipopandia uungu. Huko tunamkuta Messmer, mtoto wa Marika ambaye katika gemu ya mwanzo hata jina lake halitajwi. Mama yake alimtuma akawachome watu wa Pembe, kisha nchi ikafunikwa kwa pazia naye akaachwa ndani yake. Tunaikuta pia asili ya Marika: kijiji kitupu chenye maua, cha watu ambao walikuwa wakikatwakatwa na kusokomezwa mitungini na hao watu wa Pembe.

Nilifurahi. Nikasema vita vya Messmer ni kisasi cha mwanzo kabisa, mara tu baada ya mama kutawazwa, kabla ya Majitu, kabla ya Godfrey kupata jina. Nikaandaa kalamu. Kisha nikasoma habari za kamanda Gaius. Gaius alikuwa kama kaka kwa Messmer, na alifahamiana pia na Radahn. Radahn ni mtoto wa Radagon na Rennala. Basi kama jemadari wa Messmer alifahamiana na Radahn, vita vile havikuisha zamani nilikotaka kuvizika. Ama viliendelea vizazi, ama vilianza baadaye sana, huku mji mkuu ukiimba sifa za neema na amani.

Hapa ndipo nilipoelewa ukimya wa gemu ya 2022. Katika kumbukumbu za Mfumo wa Dhahabu hakuna Messmer, hakuna watu wa Pembe, hakuna kijiji. Wakati ule tuliona nafasi tupu tukaizibia kwa dhana zetu, tukidhani watunzi hawakuwa na cha kusema. Kumbe ndani ya hadithi yenyewe kulikuwa na mtu aliyefuta. Na sisi wapangaji, kila tulipounganisha ncha mbili ili mstari upite sawasawa, tulikuwa tunamsaidia mfutaji kazi.

Pingamizi

Mwenzangu mmoja wa chumba, mbishi wa kuzaliwa, ananiambia nimepumbazwa. Anasema mapengo yale ni uvivu, au ni biashara: acha tundu leo, uza kiraka kesho. Hoja yake si ya kupuuza. Nyongeza iliuzwa kwa pesa, na sina uthibitisho kwamba kila tundu la 2022 lilipangwa.

Lakini mhakiki hahukumu nia iliyofichika moyoni mwa mtunzi. Anahukumu kazi iliyo mbele yake. Wasomaji wa *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991) za Kezilahabi wanajua jinsi kazi inavyoweza kumnyima msomaji mstari ulionyooka na bado ikamwambia jambo zito. Na sisi wenyewe tunaye Fumo Liyongo. Muhammad Kijumwa aliandika utendi wake mwaka 1913, na mpaka leo wataalamu wanamweka shujaa huyo katika karne zinazopishana sana. Mabishano hayo hayajampunguza Liyongo hata kidogo. Kinachompunguza ni yule anayechagua karne moja kisha akasahau kuwaambia wanafunzi wake kwamba alichagua.

Hitimisho

Sidai tuache kupanga. Bila kupanga nisingeona kwamba Gaius anavunja hoja yangu, kama ambavyo bila kujua mwaka wa Baba Mkubwa nisingesikia wasifu ukigoma. Kupanga ndiko kunakolifichua pengo. Ninachodai ni kwamba tukishalifichua tuliandike kama lilivyo, tutaje ni sauti ipi imesema nini na kutokea upande gani, na dhana zetu tuziite dhana.

Manila ya zamani nimeibandua. Mpya ina mistari mitatu isiyokutana: wa Marika, wa Radagon na wa Messmer. Kati ya miwili ya kwanza nimeacha nafasi nyeupe ya kiganja kizima. Mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza aliiona akaniuliza kama sijaimaliza. Nikamwambia nimeimaliza.