Ford au Chevrolet: Kulikagua Gari la 1929

Ukisimama mbele ya gari la Kimarekani la mwishoni mwa miaka ya 1920, rangi iache mwisho. Rangi hupigwa siku yoyote. La kuuliza kwanza ni kama vipande vyake ni vya mwaka mmoja.

Chukua mahasimu wawili wa soko la bei nafuu, Ford Model A na Chevrolet. Kuzitofautisha si kazi: fungua boneti. Model A, iliyozinduliwa Desemba 1927, ina silinda 4 na valvu zilizo ubavuni mwa bloku, hivyo juu ni bapa. Chevrolet ya 1929 ina silinda 6, valvu juu, na mfuniko mrefu unaozifunika. Nguvu za farasi ni 40 kwa 46. Lakini Chevrolet ya 1928 ilikuwa bado na silinda 4. Anayekuonyesha ya 1928 yenye 6 anakuonyesha mseto.

Ford ndiyo inayosumbua. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 4 hadi 1931, na spea zake nyingi huingiliana, basi mafundi wamekuwa wakivua hapa na kuvika pale kwa miongo mingi. Anza na ringi za spoki: za 1928 na 1929 ni inchi 21, za 1930 na 1931 ni 19. Tazama kava ya rejeta na taa kubwa. Za miaka miwili ya kwanza zilipakwa nikeli, ambayo mng'ao wake unaelekea manjano kidogo. Zilizofuata ni chuma cha pua. Ukiona mng'ao wa kibuluu, hiyo ni kromu, kazi ya fundi wa baadaye. Breki ya mkono ikiwa kushoto kabisa, karibu na mlango wa dereva, una gari la mwanzo mwanzo wa 1928, na hapo bei ya juu ina sababu.

Namba ya injini imegongwa kushoto mwa bloku, juu ya mahali maji yanapoingilia, ikianza na A. Pitisha kidole: pakiwa laini kupita kiasi, pamesagwa na kugongwa upya. Namba hiyo hiyo iko kwenye chesisi, ila imefichwa na bodi.

Chevrolet ina siri nyingine. Bodi yake ya Fisher ni fremu ya mbao iliyovikwa bati, na mbao huoza huku bati likibaki zuri. Fungua mlango nusu, uunyanyue kwa upande wa kitasa. Mlango ukicheza kwenye pini za bawaba, hilo ni jambo dogo. Bawaba ikisogea pamoja na skrubu zake, nguzo imekwisha. Ford ina mbao chache zaidi. Adui yake ni kutu, kwa hiyo beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, uipitishe chini ya milango na kwenye madigadi. Isiposhika, unagusa puti. Paa la zote mbili lilikuwa na kitambaa katikati. Paa la bati tupu limebuniwa baadaye.

Kisha liwashwe. Kwenye Ford, kile kiwiko cha kushoto chini ya usukani hurudisha nyuma wakati wa cheche. Kikiwa juu, injini izunguke polepole bila kukwama. Mlio mzito wa kugonga kutoka chini, injini ikiwa na mzigo, ni wa beringi, ambazo zilimiminwa kwa madini laini ndani ya bloku yenyewe. Mafundi wa kazi hiyo ni adimu.

Kwa maoni yangu, Chevrolet nzima ni sifa kubwa kuliko Ford nzima, kwa kuwa ni mbao zilizotunzwa, si spea zilizonunuliwa. Ikiwa imekarabatiwa, dai picha za fremu kabla bati halijarudishwa. Muuzaji asipokuwa nazo, panga bei kana kwamba mbao zote ni mbovu.