Mvumo wa Waya

Wahakiki wa taarabu wa rika langu tuna ugonjwa mmoja: tukisikia chombo chenye umeme, tunakunja uso. Tumezoea kusema kwamba taarabu ilikuwa udi, ganuni, fidla na nai, kama ilivyolelewa na Ikhwani Safaa ya Unguja tangu mwaka 1905, na kwamba waya ulipoingia, uhai ulitoka. Nami nimeisema kauli hiyo mara nyingi, barazani na darasani. Siku hizi sithubutu, na sababu yake ni aibu ambayo yafaa msomaji aijue kabla sijahakiki kitu chochote.

Mwaka 1984 nilikuwa mkufunzi katika chuo kimoja cha ualimu. Chuo kilikuwa na kinanda cha umeme cha zamani, cha Kijerumani, na mwanachuo mmoja wa huku kwetu mwambao alikipiga siku ya mahafali. Tangu wimbo wa kwanza ukumbi ulijaa mvumo, mfano wa nyuki waliofungiwa mtungini, na sauti ya kinanda ikasikika kwa mbali nyuma yake. Nikaandika katika gazeti la ukutani kwamba mpigaji hana sikio, na kwamba vinanda angewaachia wenyewe. Nilijiona mhakiki hodari. Kijana hakukigusa tena kinanda kile.

Miezi michache baadaye fundi redio aliufungua ule waya mbele yangu. Kinanda hakikuwa na tundu la jeki nene ya milimita 6.35, ile ambayo asili yake ni mitambo ya simu ya karne ya 19. Kilikuwa na tundu la duara la pini 5, kama zilivyokuwa redio nyingi za Ulaya. Waya wake wa asili ulikwisha kupotea, na mtu fulani alitengeneza mwingine kwa waya pacha wa taa. Hapo ndipo penye kosa. Waya wa chombo cha muziki hubeba umeme mdogo mno, kwa hiyo uzi wake wa kati huzungushiwa wavu wa shaba uliofungwa kwenye erthi, ili uuzuie mvumo wa umeme wa nyumba, ambao kwetu hupiga mizunguko 50 kwa sekunde. Waya wa taa hauna wavu huo. Ukiutumia kwenye kinanda umesimamisha eriali ya kunasia mvumo. Tena pini zilikuwa zimechanganywa. Mwenye kuunga aliunga penye pini za kupokea sauti badala ya zile za kuitoa, na tulichosikia ukumbini kilikuwa kilichovuja tu. "Ajabu ni kwamba kilisikika," fundi alisema, akapuliza risasi ipoe.

Ndipo nikarudi kuzisikiliza upya nyimbo za Black Star na Lucky Star za Tanga, ambazo zamani nilizipita kama ngoma za vijana. Nyingi zilitolewa kwa santuri kule Mombasa, na mwaka 1989 kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza ilizikusanya katika albamu iitwayo Nyota. Watu wa Tanga waliliacha jeshi la fidla wakashika gitaa la umeme, besi na ngoma chache. Sikiliza jinsi gitaa linavyosubiri Shakila Saidi amalize mshororo, kisha linajibu kwa noti chache na kunyamaza. Besi inatembea kama mtu aendaye harusini, hana haraka wala hachelewi. Kati ya sauti na chombo kuna nafasi, na katika nafasi hiyo maneno ya wimbo yanapumua. Fidla kumi zingeifunika. Nitawalaumu kwa jambo moja: gitaa hurudia vijia vilevile kutoka wimbo hadi wimbo, hata ukisikiliza sita mfululizo unaweza kuutangulia. Lakini mvumo haumo. Waya wao ulikuwa waya.

Na umeme wenyewe, tusisahau, ulikuwa wa mto wetu. Maporomoko ya Pangani yalianza kuzalisha katika miaka ya 1930, na kituo cha Hale kikaanza mwaka 1964.

Mwaka huohuo wa 1964, huko Marekani, Robert Moog alitengeneza sintesaiza ya visanduku, ambayo haitoi wimbo wowote mpaka mpigaji achomeke waya kutoka kisanduku kimoja hadi kingine. Mwenzake wa California, Don Buchla, alitenga aina mbili: waya wa sauti wenye wavu na jeki ndogo, na waya wa amri usio na wavu, wenye ncha nyingine kabisa, usiweze kuingia mahali pa mwenzake. Hadi leo wenye mitambo hiyo mikongwe huhangaika kutafuta waya zake. Nilipoyasoma haya nilikiona kinanda chetu cha chuo.

Basi taarabu ya kisasa, iliyopata nguvu Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa ushindani wa Muungano na TOT, siilaumu tena kwa umeme wake. Lawama yangu ni kwamba kinanda chake mara nyingi kimekuja na ngoma ndani, tayari imepigwa na mtu asiyeijua harusi yetu, na mpigaji anabonyeza tu. Hapo hakuna aliyechagua.

Mwaka 2009 nilikuwa kwenye pantoni nikitoka Bweni, nikasikia, "Shikamoo, Mwalimu." Alikuwa yule kijana, mvi tele, naye sasa mwalimu mkuu wa shule ya msingi. Baada ya kuitikia nikamsimulia habari ya waya, miaka 25 baadaye. Alicheka kwa adabu.

"Mwalimu, mbona nilikuja ofisini kwako kesho yake? Nilikwambia waya ndio mbovu. Ukanijibu kwamba asiyejua kucheza husingizia uwanja."

Sikukumbuka hata kidogo. Nikamwuliza kama bado anapiga.

"Hapana, Mwalimu. Nawaimbisha watoto tu."

Pantoni ikateremsha mlango wake upande wa mjini. Akanichukulia kapu langu la nazi, akatangulia.